Kumfunda Afisa wa Ustawi wa Jamii wa Garsen

Hapa Garsen, kwenye delta ya Mto Tana, wengi wanamjua mfanyakazi wa jamii kuwa ni mtu wa orodha. Mto ukifurika, huja na daftari akaandika majina ya waliohamia kambini, kisha unga na mablanketi yakafuata. Ukame ukikaza, hurudi na daftari jingine. Basi kijana aliyemaliza kidato cha nne akisema anataka kwenda chuoni kusomea ustawi wa jamii, mzee humuuliza: kuandika majina nako kunasomewa? Swali hilo ni la haki. Orodha ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kazi hii, lakini kwa kuwa ndiyo inayoonekana, wanaokwenda chuoni nao hudhani ndiyo yote, na wako wanaorudi na cheti wakiwa bado wanadhani hivyo.

Fani yenyewe ina zaidi ya karne moja. Jane Addams na mwenzake Ellen Gates Starr walifungua nyumba ya Hull House mjini Chicago mwaka 1889 wakaishi humo pamoja na wahamiaji maskini. Mwaka 1917 Mary Richmond akatoa kitabu, Social Diagnosis, kilichosisitiza kwamba huruma peke yake haitoshi, hali ya mtu ichunguzwe kwa ushahidi kwanza ndipo iamuliwe la kufanya. Kwetu Kenya, mafunzo yalitia mizizi Machakos mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika shule iliyoanzishwa kwa msaada wa Israel. Tanzania ilitunga sheria ya chuo chake mwaka 1973, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam.

Stashahada ya siku hizi huchukua takribani miaka miwili. Mwanafunzi husoma makuzi ya mtoto, sosholojia, ushauri nasaha na namna ya kuendesha miradi. Hufundishwa kufanya kazi na mtu mmoja, na kikundi, na kijiji kizima, kwa maana njia inayomfaa mjane mwenye msiba haiwafai vijana thelathini wasio na ajira. Sheria nazo ni lazima azijue vizuri. Msichana wa miaka 15 anayekaribia kuozwa kijijini anaguswa na Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010, Sheria ya Watoto ya 2022 na Sheria ya Ndoa ya 2014. Ikiwa kabla ya kuozwa anapangiwa kukeketwa, inaingia pia sheria ya 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji. Afisa asiyezijua atabaki kumsihi baba. Anayezijua atamsihi baba vilevile, ila atakuwa amekwisha kumwarifu afisa wa watoto na chifu, na anajua mtoto atalala wapi usiku huo.

Kuna somo ambalo wanafunzi wengi hulichukia, nami naliona ndilo mama wa yote: kuandika kumbukumbu za kesi. Tuseme maji ya mafuriko yamepungua, shule zimefunguliwa, na msichana mmoja wa Gredi ya Saba haonekani darasani. Mwanafunzi wetu aliye kwenye mafunzo ya nyanjani anatumwa nyumbani kwao, anarudi na sentensi moja: "Familia hii haijali elimu." Msimamizi mzuri humrudishia karatasi. Umeona nini? Umeambiwa nini, na nani? Wewe mwenyewe unadhani nini? Akiandika upya, karatasi inasomeka hivi: saa nne asubuhi nimemkuta akiwalea wadogo zake wawili, sare yake imekunjwa juu ya kitanda, mama anasema madaftari yalikwenda na maji na yeye hushinda shambani akipanda upya, bibi anasema kuna mgeni aliyekuja mara mbili kuzungumza na baba, nadhani kuna posa. Sasa kuna pa kuanzia. Sentensi ya kwanza ilikuwa hukumu, na faili yenye hukumu za namna hiyo ikifika mahakamani inaweza kumtenganisha mtoto na wazazi wake bila sababu.

Umbali wa delta nao hubadilisha yanayofundishwa darasani. Vitabu vinasema aliyebakwa afikishwe hospitalini ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zikichelewa kupita hapo hazisaidii tena. Mjini Mombasa hizo ni saa nyingi. Kwa aliye kijiji cha chini ya mto kama Ozi au Chara, barabara ikiwa imemezwa na maji, saa hizo huliwa na kutafuta mashua, kusubiri mwanga, na kumshawishi mwenye bodaboda apite kwenye tope hadi Ngao. Huko nyuma familia ingali inabishana iwapo jambo limalizwe kwa wazee. Afisa aliyefundwa vyema huwa na hesabu hiyo kabla janga halijatokea: nani ana mashua, zahanati ipi ina dawa, nani ataandamana na mama na binti yake. Hujua pia kwamba nguo zisifuliwe, na kwamba matibabu hayangoji fomu ya polisi. Nambari za bure, 116 ya watoto na 1195 ya ukatili wa kijinsia, huzisema katika kila baraza mpaka watu wazikariri.

Tana River ina jambo jingine ambalo chuo cha Nairobi hakiwezi kulifundisha kikamilifu. Tarehe 22 Agosti 2012, zaidi ya watu 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Mashambulizi na visasi kati ya Wapokomo na Waorma viliendelea hadi mapema 2013, vikavifikia vijiji vya Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao. Mzizi wake ulikuwa wa zamani: mkulima wa Kipokomo anautaka ukingo wa mto kwa mpunga na ndizi, mfugaji wa Kiorma anaitaka malka, njia ya mifugo, ng'ombe wake wafike majini, na uchaguzi ulikuwa unakaribia. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni watu wazima, na baadhi yao wako vyuoni wakisomea kazi hii.

Kijana wa Kipokomo atatumwa siku moja kwenye boma la Waorma, na wa Kiorma kwenye kijiji cha wakulima. Kabla hajafungua mdomo, jina lake limekwisha kumtaja ni mtoto wa nani. Darasani hufundishwa kutoegemea upande, na hilo hujibiwa vizuri kwenye mtihani. Nyanjani lina taratibu zake: upitie kwa wazee kwanza, Gasa kwa Wapokomo, Matadeda kwa Waorma, usalimie na kuketi kabla ya kutoa karatasi, usimtumie mtoto kuwa mkalimani wa mambo ya wazazi wake, na uliyoyasikia boma hili yasisikike lile. Hili la mwisho ndilo gumu, maana Garsen ni mji mdogo, na shangazi yako atakuuliza jioni ulikuwa kwa fulani kufanya nini. Jibu ni moja tu: "Shangazi, hayo ni ya kazi." Anayeshindwa kulisema hafai kazi hii hata akiwa na alama za juu chuo kizima.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba mafunzo ya nyanjani ndiyo moyo wa kozi, na ndipo vyuo vingi huzembea. Mwanafunzi hupelekwa ofisini miezi mitatu, akatumwa chai na fotokopi, daftari lake likagongwa muhuri, basi. Haoni kesi hata moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa kaunti ambayo sensa ya 2019 iliihesabia watu 315,943 waliotawanyika kutoka Bura hadi Kipini, kumrudisha mhitimu wa namna hiyo ni kuongeza mtu mwingine wa orodha. Wazee wanaosubiri shilingi 2,000 za mpango wa serikali wa Inua Jamii kila mwezi wanahitaji mtu anayejua kufuatilia kwa nini jina la bibi fulani limekwama, amwandikie barua na asiondoke mpaka ajibiwe.

Kwa hiyo mzazi, kabla hujauza ng'ombe au gunia la mpunga kulipa karo, uliza. Je, chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi? Mtihani unatolewa na baraza la taifa kama KNEC au TVET CDACC, au ni cheti cha chuo chenyewe? Kisha uliza lile ambalo matangazo hayalisemi: mwanafunzi atafanyia wapi mafunzo ya nyanjani, nani atamsimamia, na mwalimu atamtembelea mara ngapi? Chuo kinachobabaika hapo, kiache hata kama majengo yake yanang'aa. Kujiunga na stashahada kupitia KUCCPS, idara ya taifa inayowapangia wanafunzi vyuo, huhitaji wastani wa C- katika KCSE, na cheti huhitaji D. Anayeanzia cheti anaweza kupanda hadi stashahada, basi D isimvunje mtu moyo.

Nanyi maafisa wa watoto na wa maendeleo ya jamii mlioko Hola, Bura na Garsen, wachukueni wanafunzi hawa, hasa wanaozungumza Kipokomo, Kiorma na Kimunyoyaya. Wapeni kesi halisi mkiwa kando yao, someni wanayoyaandika, na muwarudishie karatasi zikiwa na makosa. Kazi hiyo haitawagharimu zaidi ya muda wenu, na hakuna chuo kinachoweza kuwafanyia.