Fani ya Uhandisi Ichaguliwe kwa Kazi, Si kwa Sifa

Kila mwaka vijana wetu waingiao vyuo vikuu kusomea uhandisi hukabiliwa na swali zito: wafuate fani ipi? Wengi hulijibu kwa uvumi. Mmoja amesikia kwamba fani fulani ina mshahara mnono. Mwingine amfuata rafiki. Wa tatu atii matakwa ya baba yake. Jibu baya hugharimu miaka minne ya ujana, na mara nyingi mkopo ambao hauna budi kulipwa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973, fani za kwanza zilikuwa ujenzi, mitambo na umeme. Je, ipi kati yake ni bora? Na tulitazame Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji. Ukuta wake ni kazi ya wahandisi wa ujenzi. Mashine 9 zizungushwazo na maji, kila moja ya megawati 235, zahitaji wahandisi wa mitambo. Kuzifikisha megawati hizo 2,115 katika gridi ya taifa ni kazi ya wahandisi wa umeme. Ikikosekana fani moja, nyingine mbili ni bure. Kwa hiyo hakuna fani bora; iko fani imfaayo mtu.

Basi kijana na aijue kazi yenyewe. Mhandisi wa ujenzi hushinda juani akipima udongo na kukagua zege. Wa mitambo huishi na kelele, joto na mafuta. Wa umeme hushughulika na nguvu isiyoonekana kwa macho, ambayo kosa lake moja laweza kuua. Wa kemikali husimamia mchanganyiko katika viwanda vya saruji, sukari na dawa, wakati mwingine kwa zamu za usiku. Asiyeipenda kazi ya namna hiyo, mshahara hautampa moyo.

Hapa ndipo ulipo wajibu wetu sisi wafanyakazi. Kijana afikapo karakana, bandarini au kiwandani kwa mafunzo ya vitendo, haifai hata kidogo kumtuma chai na kumwacha akae kivulini. Ndugu fundi, mwonyeshe mashine iliyoharibika, umweleze kwa nini imeharibika, kisha mpe spana. Siku moja ya namna hiyo yaweza kumfundisha zaidi ya uvumi wa mwaka mzima.

Nanyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kuuliza si ujinga. Tumieni likizo kuwatembelea walio kazini. Hisabati na michoro ya mwaka wa kwanza hutumika katika fani nyingi. Hivyo anayeona amepotea na awaone walimu wake mapema, kabla nafasi za kuhama hazijajaa. Kugeuka mwanzoni mwa safari si aibu. Taifa lahitaji mhandisi aipendaye kazi yake, kwani daraja halisimami kwa cheti.