Unamwandikia mhadhiri barua pepe? Anza na cheo chake

"Mambo prof, matokeo yangu hayaonekani, nisaidie."

Aliyeandika hivi ana shida ya kweli. Matokeo yasipokamilika, usajili wa mwaka unaofuata unaweza kukwama, na mkopo nao ukachelewa. Lakini mhadhiri aliyepokea ujumbe huo anafundisha mamia ya wanafunzi. Hajui ni nani anayeandika, wala ni somo gani. Anaupita, anafungua mwingine.

Msikilizaji, kama wewe au mwanao ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu katika ukoo, huenda nyumbani hakuna wa kuwaeleza mambo haya.

Katika vyuo vikuu vya Tanzania si kila anayefundisha ni profesa. Kuna mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa. Hao wawili wa mwisho wote huitwa Profesa. Aliye chini yao mwenye shahada ya uzamivu ni Daktari, kwa kifupi Dkt. Asiye nayo ni Bw. au Bi. Marekani wanafunzi huwaita walimu wengi wa chuo Profesa; huku kwetu, ukimwita hivyo mhadhiri msaidizi, anaweza kudhani unamtania. Ukiwa na shaka, tazama jina lake kwenye tovuti ya idara au kwenye ratiba ya masomo.

Kosa moja linaudhi kuliko mengine: mwanamume anaandikiwa Dkt., na mwanamke mwenye shahada ile ile anaandikiwa "Madam". Naye aliisomea.

Barua nyingi za chuo huandikwa kwa Kiingereza, na wengine huona aibu kumwandikia mtu mzima "Dear". Katika barua neno hilo si la mahaba. Linafanya kazi ya "Ndugu" yetu. Andika "Dear Dr.", kisha jina lake la ukoo. Kwa Kiswahili, "Ndugu Dkt. Fulani" inatosha.

Na shikamoo? Mlangoni mwa ofisi yake, itoe. Kwenye barua pepe si kosa, ila isiwe ndiyo barua nzima. Wapo wanaotuma "Shikamoo" peke yake, wakangoja marahaba ndipo waseme shida yao.

Baada ya salamu, mstari wa kwanza utaje jina lako kamili, namba ya usajili, kozi na mwaka wa masomo. Kisha shida, kwa sentensi mbili tatu. Ile sehemu ya kichwa cha barua usiiache wazi. Ni kama "Yah:" ya barua za ofisi. "Matokeo ya mtihani hayajaonekana" ni bora kuliko "Msaada" au "Haraka".

Wengi humnyenyekea profesa, halafu wakamwandikia katibu muhtasi au afisa udahili kama wanaagiza chai. Mara nyingi hao ndio wanaolifungua faili lako. Usipojua jina, andika kwa cheo: "Kwa Afisa Udahili". Omba, kisha shukuru.

Usipojibiwa, ngoja siku tatu nne za kazi. Kisha jibu juu ya barua ile ile ya kwanza, ili aione yote pamoja, na alama za kuuliza tano mfululizo ziache kwa marafiki zako.