Nyuma ya Mlango wa Wafanyakazi: Somo la Meli ya Kitalii kwa Mji wa Tunduma

Tunduma haina bahari. Mji huu wa Mkoa wa Songwe uko zaidi ya kilomita 900 kutoka bandari ya Dar es Salaam, kwenye barabara kuu iendayo Zambia, na vyombo vyake vikubwa ni malori yanayosubiri kuvuka kuingia Nakonde. Hata hivyo, dereva anayelala Tunduma na mtalii anayelala melini wanafanana kwa jambo moja. Wote wawili hula chakula kilichopikwa na mtu wasiyemjua, hunywa maji wasiyoyateka wenyewe, na hujifunika shuka alilojifunika mwingine siku chache kabla. Afya yao imo mikononi mwa watu wasiowaona.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa mmoja ulizitia hofu pande zote mbili, bara na baharini. Nchini Zambia, mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa Lusaka mwezi Oktoba 2023 ulikuwa umesambaa. Hadi ulipodhibitiwa, wagonjwa walizidi 20,000 na waliofariki walizidi 700. Tanzania nayo ilikuwa na wagonjwa katika mikoa kadhaa. Mwezi Februari, katika Bahari ya Hindi, nchi ya Mauritius iliizuia meli ya kitalii Norwegian Dawn, iliyokuwa na abiria zaidi ya 2,000, isiingie katika bandari ya Port Louis, kwa sababu watu wapatao 15 walikuwa wametengwa kwa maradhi ya tumbo. Sampuli zilipimwa, kipindupindu hakikuonekana, na meli ikaruhusiwa kuingia.

Watu 15 kati ya maelfu walitosha kuisimamisha meli nzima. Hofu hiyo ina chimbuko lake, na chimbuko hilo halionekani kwenye kumbi za starehe wala kwenye mabwawa ya kuogelea. Baadhi ya kampuni za meli huwauzia abiria ziara ya saa chache ya kutembelea sehemu zilizofichika: majiko, maghala, chumba cha kufulia, chumba cha kuongozea mitambo. Makala haya yanafuata njia ya ziara hiyo, kisha yanarejea Tunduma kuuliza ni lipi kati ya yanayofanyika melini linaweza kufanyika kando ya barabara.

Ushoroba wa chini

Zulia hukomea mlangoni. Nyuma ya mlango wenye maandishi ya kumzuia abiria kuna sakafu ya chuma iliyopakwa rangi, mabomba yaliyopangwa juu ya kichwa, na ushoroba mrefu unaopita karibu urefu wote wa meli. Wafanyakazi katika meli nyingi huuita I-95, jina la barabara kuu ya pwani ya mashariki ya Marekani. Katika meli za Uingereza umejulikana kwa jina la Burma Road. Humo hupita viazi, mashuka, taka na watu, mchana na usiku. Wengi wa wanaopika na kutandika vitanda hulala katika sitaha za chini, watu wawili au zaidi katika chumba kimoja kidogo, na hula pamoja.

Msongamano huo si jambo dogo kwa mtaalamu wa afya. Mwezi Februari 2020 meli Diamond Princess iliwekwa karantini katika bandari ya Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Hatimaye 712 kati yao walithibitika kuwa na virusi vya korona. Abiria walitakiwa kukaa vyumbani, lakini wafanyakazi waliendelea kuwapikia na kuwapelekea chakula. Kati ya wafanyakazi 20 wa kwanza waliothibitika kuambukizwa, 15 walikuwa wa huduma ya chakula. Waliokuwa wakiwahudumia wengine wajikinge walikuwa wenyewe wamebanana chini.

Jiko, maji na mashuka

Katika jiko kuu la meli, samaki wabichi, nyama, kuku na mboga huandaliwa mahali mbalimbali, kila kimoja kwa ubao na kisu chake, na rangi ya ubao humkumbusha mpishi ni wa nini. Chakula kibichi hakikutani na kilichoiva. Chakula baridi hutunzwa chini ya nyuzi joto 5, cha moto hubaki juu ya nyuzi 60, kwa kuwa kati ya vipimo hivyo viwili vijidudu huzaana upesi. Sinki la kunawia mikono ni la mikono tu. Hakuna anayeoshea humo nyanya wala sufuria.

Maji hupakiwa bandarini, au hutengenezwa melini kutoka maji ya bahari kwa kuyavukiza au kuyachuja kwa msukumo mkubwa. Kwa meli zinazotia nanga Marekani, masharti ya huko yanataka maji yatiwe dawa ya klorini kufikia miligramu 2 kwa lita yanapopakiwa au kutengenezwa, na kwamba katika bomba lililo mbali kuliko yote ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita. Shabaha ya kupima bomba la mwisho ni kuhakikisha kuwa dawa haijaishia njiani. Maji safi kwenye tangi hayamfai mtu ikiwa yanachafuka kabla ya kufika kikombeni.

Katika chumba cha kufulia, mashuka ya mgonjwa anayehara au kutapika hayachanganywi na mengine. Hutiwa katika mfuko unaoyeyuka majini, na mfuko huo huingizwa mzima kwenye mashine, ili mfuaji asiyaguse. Uangalifu huu unatokana na norovirusi, kirusi kinachosababisha milipuko mingi ya maradhi ya tumbo melini. Chembe chache mno za kirusi hiki zinatosha kumwambukiza mtu. Tena, vitakasa mikono vya spiriti havikiui vizuri, hivyo maji tiririka na sabuni hubaki kuwa kinga ya kwanza. Wagonjwa wanapoongezeka, abiria huzuiwa kujipakulia chakula. Mhudumu mmoja hushika upawa kwa niaba ya wote.

Daftari na mpishi mgonjwa

Meli kubwa ya kitalii ina kituo cha tiba chenye daktari, wauguzi na vitanda vichache. Pamoja na dawa, kituo hicho hutunza daftari. Mtu anayeharisha mara tatu au zaidi ndani ya saa 24 huandikwa humo, awe abiria au mfanyakazi. Chini ya masharti ya Marekani, wagonjwa wakifikia asilimia 3 ya abiria au ya wafanyakazi, mlipuko hutangazwa hadharani. Kwa meli ya abiria 3,000, kiwango hicho ni watu 90. Wakaguzi nao huingia bila taarifa, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, na hutoa alama kati ya 100. Meli inayopata 85 au chini yake imeshindwa, na matokeo huchapishwa yasomwe na yeyote.

Lakini sharti lenye uzito kuliko yote linamhusu mpishi. Anayeharisha au kutapika haruhusiwi kugusa chakula hadi zipite saa 48 tangu dalili zake ziishe. Sharti hilo lisingetekelezeka kama mpishi angepoteza ujira wake kwa kusema ukweli. Hapa ndipo Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unapoingia: baharia anayeugua akiwa kazini hutibiwa kwa gharama ya mwenye meli na huendelea kulipwa mshahara wakati yumo melini. Wapo wanaoficha maradhi hata hivyo, kwa hofu ya kutoitwa tena mkataba ukiisha. Lakini kinga yenyewe imejengwa juu ya kuelewa kwamba mtu hukiri ugonjwa pale ambapo kukiri hakumnyimi mkate.

Kurudi Tunduma

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, ndizo zinazoitaka meli iwe na hati ya usafi inayodumu miezi sita. Kanuni hizo hizo zinahusu pia viwanja vya ndege na mipaka ya nchi kavu. Kwa hiyo afisa afya anayemkagua msafiri Tunduma na mwenzake anayepanda ngazi ya meli bandarini wanafanya kazi ya ukoo mmoja.

Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kati ya Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, ili msafiri ahudumiwe na nchi zote mbili mahali pamoja. Dereva husimama mbele ya afisa afya kwa dakika chache tu. Saa nyingine zote, na pengine siku, huzimaliza mjini: kwa mama lishe anayemuuzia ugali na maharage, kwenye gesti, stendi, na kwenye choo cha kulipia. Utingo wake hali kadhalika. Meli hukaguliwa jikoni; msafiri wa barabara hukaguliwa dirishani, na jiko linalomlisha hubaki nje ya macho. Kwa mantiki ya melini, kazi ya afya mpakani inapaswa kufika kwenye chungu cha mama lishe.

Si yote yanayoweza kuhamishwa. Mama lishe wa Tunduma hana mashine ya kuyavukiza maji, na bomba halimfikii kila mmoja. Wengi hununua maji kwa madumu. Anaweza hata hivyo kuwa na ndoo mbili zenye koki, moja ya kunywa na moja ya kunawa, na asichote kwa kikombe ndani ya ndoo. Anaweza kutenga ubao wa nyama na ubao wa kachumbari. Anaweza kupakua mwenyewe, na kuupasha wali uliolala hadi utoe mvuke kote.

Ugumu uko kwenye saa 48. Mama lishe anayeamka akiharisha ana mtaji wa siku moja, kodi ya kibanda na watoto wa shule. Kumwambia afunge kazi siku mbili bila kumwonyesha atakula nini ni kumfundisha kuficha. Jambo hili haliwezi kuachiwa dhamiri yake peke yake. Vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo wanawake wengi wanavyo vina mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi. Kikundi kikikubaliana kwamba mwanachama anayeharisha atapewa fedha za siku mbili kutoka mfuko huo, au mwenzake atamshikia kibanda, kitakuwa kimetengeneza kwa kipimo chake kile ambacho mabaharia walikipata kwa mkataba wa kimataifa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye anayefaa kuliweka wazo hilo mbele ya kikundi, kabla mlipuko haujafika.

Kwa mhudumu wa afya na kwa mgonjwa

Mhudumu wa zahanati iliyo kando ya barabara kuu, kuanzia Mlowo na Vwawa hadi Tunduma, ana daftari tayari. Inafaa kuongeza mambo mawili kwa kila anayeharisha: alikula wapi, na alilala wapi. Wagonjwa wawili wasiojuana waliokula genge moja ni habari ya kupelekwa siku hiyo hiyo. Mtu mzima mwenye kuhara maji mengi yanayofanana na maji ya mchele atibiwe kama mwenye kipindupindu hata kabla ya majibu ya maabara, na taarifa itolewe mara moja. Sehemu iliyochafuliwa kwa matapishi au kinyesi isafishwe kwa klorini ya asilimia 0.5: dawa ya asilimia 3.5 inayouzwa madukani huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, kipindupindu huua kwa kukausha maji mwilini, na dalili huweza kuanza saa chache hadi siku tano baada ya kuambukizwa. Dereva anaweza kuwa ameambukizwa Lusaka na akaanza kuugua Tunduma. Paketi moja ya dawa ya kurudisha maji mwilini huchanganywa na lita moja ya maji salama, na mchanganyiko humwagwa baada ya saa 24. Paketi ikikosekana, lita moja ya maji hutiwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kipimo bapa, mgonjwa anywe huku akipelekwa kituoni. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonyeshwa. Mtoto apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 ikiwa hajatimiza miezi sita.

Na anayeuza chakula, akiharisha, aseme. Akiulizwa kituoni anafanya kazi gani, ataje kwamba anapika, ili mhudumu amweleze lini arudi jikoni. Mhudumu naye aulize swali hilo kwa upole, pasipo sauti ya polisi, kwa sababu jibu lake huamua watu wangapi watakaokula salama kesho yake katika foleni ya malori.