Viti Vimeongezwa, Uwanja Wetu U Wapi?

Tangu Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, lilipoamua mnamo Januari 2017 kwamba fainali za Kombe la Dunia za 2026 zitakuwa na timu 48 badala ya 32, manung'uniko hayajakoma. Wapo wanaodai kwamba vigogo wa kandanda watachanganywa na timu hafifu, na utamu wa mashindano utapotea.

Dai hilo ni kongwe. Mwaka 1966 Afrika, Asia na Oshania zilitengewa nafasi moja tu kati ya 16, wazigombanie. Mataifa ya Afrika, Ghana ya Kwame Nkrumah ikiwa mstari wa mbele, yakasusia. Ndipo mwaka 1970 bara letu likapewa nafasi yake lenyewe, nayo Morocco ikaenda Mexico. Kutoka hapo tulitambaa kama konokono: nafasi mbili mwaka 1982, tatu 1994, tano 1998. Kwa fainali za 2026 tumepewa tisa, na ya kumi ya kupigania katika mchujo wa mabara.

Je, tisa ni nyingi mno? Mwalimu wa hesabu na awatwike wanafunzi wake swali hili. Shirikisho la Afrika lina wanachama 54. Ulaya, yenye wanachama 55, imetengewa nafasi 16. Amerika Kusini, yenye wanachama kumi tu, imepata sita. Anayesema tumependelewa hajahesabu.

Lakini tuseme kweli, sisi Wakenya tuna la kujibu. Mchujo wa Afrika uligawanywa katika makundi tisa, na mshindi wa kila kundi akafuzu moja kwa moja. Mfumo wa namna hiyo humfaa anayejua kuutumia uwanja wa nyumbani. Cape Verde, visiwa vyenye watu wapatao nusu milioni, iliilaza Cameroon 1-0 mjini Praia mnamo Septemba 2025, na mwezi uliofuata ikafuzu kwa mara ya kwanza.

Harambee Stars je? Mnamo Juni 2024 mechi zetu za "nyumbani" dhidi ya Burundi na Ivory Coast zilichezewa Lilongwe, Malawi, kwa kuwa hatukuwa na uwanja uliokubalika. Zote tulitoka sare. Tuliporejea Nairobi mwaka 2025, Gabon ikatufunga 2-1 na Gambia 3-1. (Kweli, Gambia nayo ilikuwa mkimbizi kama sisi, ilitukaribisha mjini Abidjan.) Ushindi wetu wa pekee nyumbani ulikuwa dhidi ya Ushelisheli. Katika pointi 15 za nyumbani tuliambulia tano, tukamaliza wa nne kundini.

Wakuu wa soka nchini na watuambie, kabla ya mchujo wa 2030 kuanza, mechi yetu ya kwanza ya nyumbani itachezewa mji gani.