Tetemeko kando ya ziwa: kuta si hatari pekee

Hapa Bukavu watu wazima wanakumbuka tarehe 3 Februari 2008. Ilikuwa siku ya Mungu, saa tatu na nusu asubuhi, wengi wakiwa kwenye ibada. Tetemeko la udongo la ukubwa wa 5,9 lilipasua kuta zetu na kuangusha majengo ng'ambo ya Ruzizi, hata kanisa. Watu zaidi ya 40 walikufa pande zote mbili za mpaka. Tangu siku ile, udongo ukitikisika tunakimbia nje. Ni vizuri. Lakini ninyi wachimbaji ambao familia zenu zinaishi karibu na ziwa, iwe Nguba, Kalehe ao Idjwi, mujue kuna jambo la pili la kuogopa: maji.

Wengi wanasema tsunami ni mambo ya bahari. Hata watu wa bahari walikuwa na mazoea yao. Walijua maji yanapanda pale sakafu ya bahari inapoinuka ao kushuka ghafula, sawa vile ilitokea Sumatra mwaka 2004, wimbi likafika mpaka Somalia. Lakini kuna matetemeko ya aina ingine: vipande viwili vya mwamba vinasuguana ubavuni, kimoja kinaenda huku, kingine kule, bila kupanda wala kushuka sana. Hayo yalihesabiwa kwamba hayasukumi maji mengi.

Halafu ikaja Palu. Mji huo wa Indonesia, kwenye kisiwa cha Sulawesi, uko mwisho wa ghuba nyembamba yenye milima pembeni. Tarehe 28 Septemba 2018, tetemeko la 7,5, la ile aina ya kusuguana ubavuni, lilipasua udongo mpaka ndani ya ghuba. Kwa dakika chache tu mawimbi yakaingia mjini. Watu zaidi ya 4000 walikufa, kwa maji, kwa nyumba zilizoanguka, na kwa udongo uliogeuka matope na kumeza mitaa mizima. Wataalamu walipopima, walikuta pwani yenyewe imekatika mahali pengi na kuporomokea chini ya maji. Wangali wanabishana ni wimbi gani lilitoka kwenye poromoko na lipi kwenye mpasuko wenyewe. Kwamba pwani iliporomoka, hakuna anayebisha.

Mchimbaji hahitaji mwalimu kwa kuelewa hilo. Ukikata mlima chini, juu kunashuka. Udongo uliolowa, ukitikiswa, unatembea kama uji. Kamituga, Septemba 2020, maji ya mvua yaliingia mashimoni na makumi ya watu wakabaki humo. Sasa muwaze lundo la kifusi, kubwa kupita yote mumeona, limelala kwenye mteremko chini ya ziwa, pale mto unapomwaga mchanga wake. Likishuka, linasukuma maji, na maji yanaenda kupiga ukingo wa pili. Kama ni ziwa ao bahari, ni sawa tu. Mwaka 563 mlima uliporomoka mwisho mmoja wa ziwa la Genève, huko Uswisi. Wimbi likavuka ziwa lote na kuua watu ndani ya mji wa Genève.

Na Kivu? Ziwa letu liko ndani ya bonde la ufa, kina chake kinafika karibu mita 485, na milima inaingia majini moja kwa moja. Matetemeko yetu mengi ni ya bonde kufunguka, upande mmoja ukishuka. Mwaka 2008 watu waliuawa na kuta, hawakuuawa na wimbi, na gazi iliyo chini kabisa ya Kivu haikulipuka. Tushukuru, lakini tusilale. Poromoko halingoji tetemeko kubwa kama la Palu. Linangoja udongo ulio tayari kushuka. Wataalamu wa CRSN-Lwiro, kule Kabare, wanapima matetemeko, ila hakuna mashine duniani inayotaja siku na saa mbele.

Njo maana tunasema: mtikisiko wenye nguvu ukikukuta kwenye ukingo wa ziwa, ukifua nguo ao ukingoja mashua, huo mtikisiko wenyewe ni tangazo. Usingoje radio. Ondoka majini, panda, lakini kaa mbali na mteremko uliokatwa. Ukiona maji yamerudi nyuma, usishuke kuokota samaki. Na wewe uliye shimoni, toka, usirudi kufuata mfuko wa mchanga: mitikisiko midogo inafuata kwa siku nyingi, na mwaka 2008 ilifuata.

Kabla ya kurudi Kamituga ao Nyabibwe, ukae na mama watoto mupatane mahali familia itakimbilia. Siku ile telefone inaweza kukosa rezo. Mkiwa mumepatana mapema, kila mtu atajua pa kwenda.