Ubishi wa Tamthilia Unauzika, Mwandishi Anapata Nini?

Usiku wa Oktoba 19, 2012, wasimamizi wa gridi ya umeme nchini Brazil walikaa chonjo. Televisheni ya Globo ilikuwa inarusha sehemu ya 179, ambayo ndiyo ya mwisho, ya tamthilia ya Avenida Brasil, na mafundi walijua kwamba ikimalizika tu, mamilioni ya watu watainuka kwa pamoja, wawashe taa na kufungua majokofu. Mkutano wa kampeni mjini São Paulo ambao Rais Dilma Rousseff alitarajiwa kuhudhuria ulipangwa upya ili usigongane na tamthilia. Nchi nzima ilikuwa imegawanyika juu ya jambo moja: Nina, aliyetupwa jalalani na mama wa kambo angali mtoto, ana haki ya kumlipa Carminha ukatili kwa ukatili?

Mwenye duka la matangazo hahitaji zaidi ya hapo. Mtu anayebishana leo lazima kesho aketi tena mbele ya televisheni, ama athibitishe alichosema, ama ajue atajitetea vipi. Wabrazil waliligeuza jambo hilo kuwa utaratibu wa kazi. Tamthilia zao huandikwa huku zikiendelea kurushwa, kituo hukusanya makundi ya watazamaji na kuwasikiliza wanavyowaona wahusika, na mwandishi huweza kumpa nafasi zaidi mhusika aliyependwa au kufupisha mkasa uliochosha. Jina la mwandishi, kama João Emanuel Carneiro aliyeandika Avenida Brasil, hutajwa kwa uzito uleule wa majina ya waigizaji.

Afrika Mashariki nasi hatujapungukiwa na wabishi. Mtanzania aliyekuwa na televisheni miaka ya 2000 anakumbuka Isidingo ya Afrika Kusini ilivyorushwa ITV, na maneno yaliyozuka kila asubuhi juu ya Barker Haines na mkewe Cherel: nani kati yao ni mbaya zaidi, na kwa nini hatukomi kuwatazama? Wakati ule ubishi ulikuwa wa bure. Antena juu ya bati ilitosha, na kituo kilikula kwenye matangazo peke yake.

Hesabu ilibadilika Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam. King'amuzi kikawa kitu cha lazima sebuleni, na mwaka mmoja baadaye Azam TV ikaingia sokoni kushindana na StarTimes na DStv. Tangu hapo mtazamaji hulipia kifurushi, na kifurushi kikikatika katikati ya mwezi, hukosa tamthilia na pia hukosa la kusema saluni, kazini na kijiweni. Kampuni za ving'amuzi zinaelewa vizuri kwamba wengi hulipia hofu hiyo ya kuachwa nje ya mazungumzo.

Sultan, tamthilia ya Kituruki iliyorushwa na Azam Two kwa Kiswahili, ilionesha nguvu ya biashara hiyo. Watu walihama vyumba kwa ajili ya Hurrem. Wapo waliomwona kijakazi aliyeuzwa akatumia akili yake kujinusuru, na wapo walioapa kwamba mpinzani wake Mahidevran ndiye aliyedhulumiwa na Hurrem ni fitina tupu. Tamthilia yenyewe ilikuwa imeshalipa gharama zake kwao, kati ya 2011 na 2014. Kituo cha huku kilihitaji leseni, watafsiri, studio ya sauti na waigizaji wa kutia maneno. Atakayetengeneza tamthilia mpya Bagamoyo au Nairobi hulipia nyumba za kurekodia, magari, jenereta, chakula na posho za watu wengi kabla tangazo la kwanza halijauzwa. Mkurugenzi wa vipindi akiweka karatasi za gharama hizo mbili mezani, si ajabu akachagua ya mgeni. Tamthilia ya Kichina ilipita njia hiyo mapema zaidi: Doudou na Mama Wakwe Zake ilianza kuonekana TBC mwaka 2011, na Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Ugomvi wa mama mkwe na mkaza mwana hauhitaji maelezo Kariakoo.

Wapo pia wanaokula pembeni. Kabla ya studio hizi, Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya walishajenga soko la kusimulia filamu za kigeni kwa maneno ya hapa, wakimsifu stelingi na kumkemea adui kama vile anasikia. Vibanda vya kujaza muvi kwenye flashi vinaendelea kuuza sizoni nzima bila mwenye haki kupata senti.

Kenya ilijaribu njia ya sheria. Kanuni za vipindi zinavitaka vituo vitenge angalau asilimia 40 ya muda kwa kazi za ndani, lakini kanuni peke yake haileti mtazamaji. Aliyemleta ni Maria. Jiffy Pictures, kampuni ya Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, iliileta tamthilia hiyo Citizen TV mwaka 2019, na hadi ilipomalizika 2021 ilikuwa imeshika kipande cha jioni kilicho kati ya taarifa ya Kiswahili ya saa moja na ya Kiingereza ya saa tatu. Binti wa mtaa wa mabanda anaingia nyumba ya kitajiri, na familia nyingi zikaanza kubishana Luwi, kijana wa nyumba hiyo, amwoe nani. Zora na Sultana zilifuata njia hiyohiyo. Tanzania nako, Jua Kali ya Leah Mwendamseke, maarufu Lamata, imethibitisha kupitia Maisha Magic Bongo kwamba Mtanzania hulipia hadithi yake mwenyewe.

Sasa tazama wanachobishania. Ni nadra kusikia mtu akigombana na jirani kwa sababu ya kamera au mapazia ya sebule iliyoigiziwa. Wanauliza kwa nini fulani amesamehe upesi vile, kwa nini aliyezikwa amerudi, kwa nini yule mwenye siri nzito amepelekwa safari ghafla na hatajwi tena. Maswali yote hayo ni ya mwandishi, na mwandishi wa tamthilia ya siku tano kwa wiki mara nyingi hana hata nafasi ya kusoma alichoandika jana. Mwigizaji akigombea malipo na kuondoka, mhusika hufutwa kwa sentensi moja, na thamani iliyojengwa kwa miezi inatupwa. Naumia kila ninapoliona hilo, kwa sababu ni hasara inayoepukika.

Waturuki waliiepuka hasara hiyo katika tamthilia ileile ya Sultan. Mwandishi wake, Meral Okay, alifariki Aprili 2012 na Yılmaz Şahin akapokea kalamu. Mwaka uliofuata Meryem Uzerli, aliyekuwa Hurrem, akaondoka kabisa, na Vahide Perçin akavaa nafasi yake. Mashabiki walilalamika, wakalinganisha macho na sauti, kisha wakaendelea kubishana juu ya Hurrem yuleyule, kwa sababu maandishi yalikuwa yameshamfanya mtu kamili asiyemtegemea mwigizaji mmoja.

Somo hilo linahitajika sasa huku kwetu. Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice, mama wa DStv na Maisha Magic, Septemba 2025. Mmiliki mpya hupitia gharama moja baada ya nyingine, na watayarishaji wa Dar es Salaam na Nairobi watakaa naye mezani. Kituo kinacholipia gharama zote za utengenezaji kwa kawaida ndicho hubaki na haki zote, na mwandishi aliyelipwa kwa kila skripti hana chake tamthilia inaporudiwa au kuuzwa nchi nyingine. Mtayarishaji akipewa nafasi ya kudai, asianze na kamera mpya. Adai malipo ya waandishi watatu badala ya mmoja, wiki sita za kuandika kabla ya kurekodi, na asilimia kwa mwandishi kila tamthilia inapouzwa tena.