Sarafu za Warumi: kuzinunua rahisi, kujua zilikotoka ndiyo kazi

Sarafu ya Kirumi yenye umri wa miaka 1,700 hununuliwa hapa Uingereza kwa bei ya chakula cha mchana. Wasomaji wengi hawaamini wanapoambiwa hivyo, kwani tumezoea kudhani vitu vya kale ni vya matajiri na makumbusho. Lakini Warumi walitawala sehemu kubwa ya kisiwa hiki kwa karibu miaka 400, tangu mwaka 43, na sarafu walizoziacha zinaokotwa mashambani mpaka leo. Jina lake pia si geni kwetu. Denarius, sarafu yao ya fedha, ndiyo iliyozaa dinari kwa njia ya Kiarabu, na ndugu zetu walioko Kuwait na Bahrain hulipwa mishahara kwa jina hilo.

Urahisi wa bei una sababu. Kaisari Nero alipunguza madini ya fedha ndani ya sarafu mwaka 64, na waliomfuata wakaendelea. Miaka 200 baadaye, enzi za Claudius wa Pili, sarafu iliyoitwa ya fedha ilikuwa na fedha chini ya asilimia 5, iliyobaki shaba. Askari walitaka mishahara, serikali ikatengeneza sarafu kwa wingi. Wasomaji wetu kutoka Kongo wanaoikumbuka noti ya zaire milioni 5 ya mwaka 1992 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mwezi Aprili 2010, Dave Crisp, mpishi wa hospitali, alikuwa akipita na mashine yake ya kutambua vyuma katika shamba karibu na mji wa Frome, Somerset. Alipogundua kwamba chini yake kuna mtungi uliojaa sarafu, aliacha kuchimba na kuwaita wataalamu. Hao walizitoa tabaka kwa tabaka: sarafu 52,503, uzito wa kilo 160. Zile za mwisho kutengenezwa, za Carausius, jemadari aliyeasi na kuitawala Uingereza kuanzia mwaka 286 hadi alipouawa 293, nyingi zilikutwa chini badala ya juu. Maana yake mtungi haukujazwa kidogo kidogo kama kibubu. Ulijazwa mara moja. Wapo wataalamu wanaoona kuwa ilikuwa sadaka kwa miungu.

Lau Crisp angezimwaga kwenye ndoo na kwenda nazo nyumbani, hayo yote yasingejulikana. Makumbusho ya Somerset yalizinunua kwa pauni 320,250, fedha ambazo aliyeokota aligawana na mwenye shamba. Piga hesabu: ni kama pauni 6 tu kwa kila sarafu.

Wengine walifanya kinyume. Mwaka 2015 wanaume wawili walifukua Herefordshire hazina ya karne ya 9, inayokadiriwa kuwa na sarafu 300, wakaziuza kwa siri. Mwaka 2019 walifungwa jela. Hadi wakati huo zilizokuwa zimepatikana ni kama 30 tu. Baadhi yake zina picha ya wafalme wawili walioketi pamoja, mchoro ulioigwa kutoka sarafu za Kirumi, na zimewafanya wanahistoria waufikirie upya uhusiano wa Alfred wa Wessex na jirani yake wa Mercia. Zile zisizopatikana hatujui zingetuambia nini.

Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, inayotumika England, Wales na Ireland ya Kaskazini, inataka sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zenye umri wa zaidi ya miaka 300, au kumi za shaba, zikikutwa pamoja ziripotiwe ndani ya siku 14. Anayepokea taarifa ni koronea, ofisa yule yule anayechunguza vifo vya ghafla. Scotland ni kali zaidi, hata sarafu moja huripotiwa. Na popote, ruhusa ya mwenye shamba huja kwanza.

Kwa anayetaka kununua, muulize muuzaji aliipata kwa nani na lini, na aandike kwenye risiti. Sarafu chafu zinazouzwa kwa mafungu kwenye intaneti, zisizojulikana hata nchi zilikotoka, sisi tungeziacha. Huenda anayezinunua anamlipa mwizi bila kujua. Itazame ukingoni: mstari unaoizunguka ni dalili ya kuwa ilimiminwa kwenye kalibu, nayo ni bandia. Wala usiisugue kwa ndimu na jivu kama sufuria, maana ule ukijani ndio unaoikinga shaba na mnunuzi mwenye kujua huutafuta. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, na juu yake andika jina la muuzaji, tarehe, bei na mahali ilipookotwa.